Mishumaa ya Majilio kwa sie wa visiwani: namna ya kukaa nayo kimya

Maelekezo mengi ya mishumaa ya Majilio, zile wiki nne za kungoja Krismasi, yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Kata matawi ya msonobari, keti karibu na moto, tazama theluji dirishani. Sie huku Desemba tunagombania feni, vuli haijamaliza vizuri na kaskazi ishaanza kuingia madirishani, na jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi leo kama lilivozama wiki ilopita. Kwa hiyo ntaandika vile mtu anavoweza kufanya akiwa Kikwajuni au Mbweni au Wete, hapa Zanzibar, kwa vitu vya kununua sokoni Darajani, na majirani ambao karibu wote ni Waislamu. Ntaazima pia vitu viwili vitatu kwa watu wa dini nyengine, na ntasema wapi pa kuishia kuazima.

Jambo langu hasa ni moja, nalisema mapema kabisa ili hata ukichoka katikati uwe ushalipata. Ukikaa mbele ya mishumaa minne na mmoja tu ndo unawaka, macho yako yapeleke zaidi kwenye ile mitatu ilobaki. Majilio ni kungoja, na mshumaa ambao bado hujauwasha ndo unakufundisha kungoja, ule unaowaka kazi yake ni kukuonesha tu kwamba hiyo myengine ipo. Watu wengi wanafanya kinyume, wanawasha wote minne Jumapili ya kwanza eti inapendeza kwenye picha, bas hapo hakuna tena kilichobaki cha kungojea.

Siku zenyewe ni rahisi. Shika Krismasi, rudi nyuma Jumapili nne, hapo ndo mwanzo. Itaangukia kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba, siku zote. Ina maana Majilio yanaweza kuwa na siku 28 au yakapungua hadi 22, mwaka 2023 kwa mfano Jumapili ya nne ilikuwa tarehe 24 Desemba, mshumaa wa nne umewashwa asubuhi na jioni watu wako mkesha wa Krismasi. Kwa hiyo usipange mambo marefu ya wiki ya nne kabla hujaangalia kalenda.

Na kabla mtu hajaniambia kwamba kuchanganya mambo ya madhehebu sio vizuri, hili shada la mishumaa lenyewe limetoka kwa Waluteri. Mchungaji Johann Hinrich Wichern alikuwa na nyumba ya kulelea watoto maskini kule Hamburg, Ujerumani, na watoto walikuwa wanamsumbua kila siku, Krismasi lini, Krismasi lini, mwaka 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa midogo ya siku za kawaida na mikubwa minne ya Jumapili, kila siku mmoja unaongezeka ili watoto wahesabu wenyewe. Baadae ndo Wakatoliki nao wakaichukua, na Waanglikana, na leo ukenda Minara Miwili kwa Wakatoliki au Mkunazini kwa Waanglikana unaikuta. Kwa hiyo kuazimana kupo toka zamani, tena shada lenyewe lilianza kwa watoto wasioweza kusubiri.

VITU

Mishumaa minne. Utaratibu wa kanisani ni zambarau mitatu na mmoja wa waridi wa Jumapili ya tatu, lakini madukani kwetu mara nyingi utapata mieupe tu, chukua hiyo hiyo, funga utepe wa zambarau chini kabisa mbali na moto, hakuna malaika atakaekuja kukagua rangi. Ule mwembamba wa kuwashia umeme ukizimika hautafika mwisho. Piga hesabu, robo saa kila siku kwa wiki nne ni karibu saa saba, huo ni mshumaa wa kwanza peke yake, kwa hiyo nunua na wa akiba au tafuta minene. Wala usisikitike ukiona wa kwanza umekuwa kijiti na wa nne bado mrefu, ndo inavotakiwa, ile ngazi ya urefu tofauti ndo kalenda yako.

Mishumaa ya bei rahisi ina tabia ya kupinda kwa joto, hasa ukiiacha dirishani mchana. Iweke ndani ya kabati, itoe jioni. Au achana nayo kabisa utengeneze taa ya mafuta, ambayo mimi naipenda zaidi: chukua gilasi nzito, tia maji hadi robo tatu, juu yake mimina mafuta ya nazi unene wa kidole, kisha utambi wa pamba uliopitishwa kwenye kipande cha bati au kizibo kinachoelea. Mafuta ya nazi yanaganda kwenye baridi tu, kwa joto letu la Desemba yanakaa maji maji. Uzuri wake mafuta yakimalizika utambi unagusa maji unazimika wenyewe, na ukitaka hesabu ya wiki unapanga gilasi nne. Wahindu kwenye Diwali nao wanawasha vitaa vidogo vya udongo kwa mafuta au samli, kwa hiyo usidhani taa ya mafuta ina hadhi ya chini kuliko mshumaa.

Kwa majani, mvinje. Ipo ufukweni tele, haipukutishi majani yote kwa pamoja, na umbo lake linakaribia yale ya kizungu kama unayataka. Zungusha kwenye sinia pana ya bati, katikati na chini mwaga mchanga wa pwani ulokauka, chomeka vifuu vinne vya nazi na kila kifuu ukijaze mchanga mshumaa usimame. Mchanga ndo muhimu kuliko majani. Ukiwa Pemba na jirani ana mkarafuu, tawi moja la majani yake linanukia kuliko mvinje, omba tu. Ila majani yoyote kwa hali yetu wiki ya pili yashakuwa makavu kama makuti, na makavu maana yake kuni, kwa hiyo badilisha kila Jumapili.

Usiweke karibu na chandarua. Usiweke chini ya feni ya dari. Nyumba ya makuti tumia ile taa ya maji na mafuta, tena barazani kwenye sakafu ya saruji, mshumaa achana nao. Kopo la maji liwe karibu na mtu mmoja ajue kwamba kazi yake ndo hiyo.

WAKATI

Mimi nasema baada ya magharibi. Adhana ikishamaliza kunakuwa na kipindi hadi isha ambacho mtaa mzima unatulia, watoto wametoka chuoni, wanaume wako msikitini au wamerudi, televisheni bado hazijapanda sauti. Wakristo wa hapa tunakifaidi kipindi hiki bila kukitengeneza sie, mji wote umeshajinyamazisha. Kama unafanya na wimbo, subiri adhana imalize kabisa, hii ni adabu tu ya kuishi pamoja na kila mtu aliekulia hapa anaijua, wageni ndo wanahitaji kuambiwa.

Robo saa inatosha. Mwenye watoto dakika tano.

KUKAA

Hapa ndo penye kazi, na kanisani mara nyingi hatufundishwi. Tunaambiwa washa, soma, omba, imba, halafu kaa kimya. Huko kukaa kimya mtu anafanyaje hasa hakuna anaesema, matokeo yake unakaa unafikiria luku na ada ya skuli.

Nimeazima kwa watu wa yoga jambo moja linaloitwa trataka, ni kutazama kitu kimoja bila kuhangaisha macho, na kitu chenyewe mara nyingi ni mwali wa mshumaa. Ni mazoezi ya zamani sana ya Kihindu ya kusafisha na kutuliza. Namna yake: mshumaa uwe mbele yako umbali wa mkono ulonyooka, mwali ulingane na macho, sio juu sio chini, kwa hiyo ukikaa mkekani sinia iweke juu ya kigoda. Zima feni na funga dirisha upande wa upepo, mwali ukicheza cheza macho yanachoka bure. Tazama mwali, pumua kawaida, pepesa pale unapohitaji lakini usikimbilie. Dakika moja kwa kuanzia, mbili zinatosha. Kisha funga macho. Utaona alama ya mwali bado ipo ndani ya giza la macho, inabadilika rangi, inaelea, inataka kukimbia, iache, ifuate taratibu mpaka ifutike.

Sasa fungua macho, usirudi kwenye mwali. Peleka macho kwenye mshumaa wa pili ambao haujawashwa. Utambi wake mweupe, haujaguswa. Kaa nao hivo muda mrefu kuliko ulivokaa na mwali. Kisha wa tatu. Kisha wa nne. Kila mmoja uulize kimoyomoyo, nangoja nini hasa? Usijibu kwa haraka na usijibu kwa maneno ya kanisani, kama unangoja mtoto aliekwenda Oman arudi, sema hilo. Kama unangoja majibu ya hospitali sema hilo. Baada ya hapo ndo unasoma neno.

Mwenye presha ya macho, kifafa au kipandauso aache hiyo sehemu ya kukazia mwali, aende moja kwa moja kwenye mishumaa isiyowaka, hakosi kitu. Na mwenye kuvaa lenzi avue kwanza.

Kitu cha pili nimeazima kwa Mayahudi. Hanuka yao inaangukia karibu na Majilio yetu, usiku nane, kila usiku taa moja inaongezeka. Kulikuwa na ubishi wa zamani baina ya wanafunzi wa Shamai na wa Hileli, wa kwanza wakisema tuanze na nane tushuke hadi moja, wa pili wakisema tuanze na moja tupande, kwa sababu katika mambo matakatifu mtu anapanda hashuki. Walioshinda ni wa Hileli. Wana pia sheria nimeipenda sana: zile taa hairuhusiwi kuzitumia, hausomi kwa mwanga wake, haushoni, hauhesabu pesa, unazitazama tu, ndo mana kuna taa ya pembeni ya kuwashia na kutoa mwanga wa kazi. Nyumbani kwetu nimeiweka sheria hiyo hiyo kwa ile robo saa. Hakuna anaeandika meseji, hakuna anaechambua mchele, hakuna anaekuja kuwashia jiko la mkaa hapo. Kwa wasomaji wa neno, washeni taa nyengine pembeni au tumieni tochi ya simu. Inaonekana kama jambo dogo ila jaribu, mtu wa hapa amezoea mshumaa ni wa kutafutia viatu umeme ukizimika, kuutazama tu bila kuutumia kunaleta uvivu wa ajabu mwanzoni.

Wanaokumbuka Desemba 2009 wanajua. Umeme wa kutoka bara ulikatika tarehe 10, katikati ya Majilio, na haukurudi Unguja mpaka Machi 2010. Mwezi ule kila nyumba ilikuwa na mshumaa au kandili au koroboi, ya Mkristo na ya Muislamu, na hakuna hata mmoja alieuita ibada. Mwenye nyumba yenye wazee walokaa gizani miezi ile, wiki ya kwanza waombe wasimulie kabla ya kuwasha, ni somo zuri la kungoja kuliko mahubiri mengi niloyasikia.

WIKI NNE

Majina ya mishumaa yanatofautiana, wengine wanasema wa manabii, wa Bethlehemu, wa wachungaji, wa malaika, wengine tumaini, amani, furaha, upendo. Fuata ya kanisa lako.

Wiki ya kwanza, ya tumaini, soma Isaya 9:2, watu waliokwenda katika giza wameona nuru kuu. Usome polepole mara mbili na usiongeze kitu.

Wiki ya pili ndo nzito kwa hapa kwetu, nakuomba usiipite. Amani. Ukiwa mjini, nenda Mkunazini mchana ukiweza, kanisa lile lilijengwa pale palipokuwa soko la watumwa baada ya Sultani Barghash kulifunga mwaka 1873, na mbele ya altare kuna duara la marumaru nyeupe lilozungukwa na nyekundu, panaposemwa ndo palisimama nguzo ya kuchapia watu. Simama hapo kidogo, usipige picha. Jioni ukirudi kwenye sinia yako na mishumaa miwili inawaka, ile miwili isiyowaka utaiona vyengine, maana kuna watu walingoja pale na kilichokuja hakikuwa nuru. Mimi siku hiyo sisomi kitu chengine zaidi ya Yohana 1:5, nayo nuru yang'aa gizani, wala giza halikuiweza. Na kama ndani ya ukoo wenu kuna watu walioshuka kwenye majahazi kwa minyororo, au kuna walionunua, vyote vipo kwenye visiwa hivi na mara nyengine ndani ya nyumba moja, kaeni nalo, sio lazima mulizungumze.

Wiki ya tatu, ya waridi, waacheni watoto wafurahi, wao ndo wawashe. Kuanzia tarehe 17 hadi 23 Desemba kuna zile antifona saba, viitikio vifupi vinavoanza na Ee, Ee Hekima, Ee Adonai mpaka Ee Emanueli, zinaimbwa kwenye masifu ya jioni, moja kwa siku. Kwa mtu asiependa maneno mengi hizi zinatosha peke yake, sema ile moja ya siku hiyo, kaa kimya, maliza. Wiki ya nne haina maelezo, minne yote inawaka na hakuna tena wa kungojea, utaona mwenyewe kwamba inakuwa ngumu kukaa kimya kuliko ilivokuwa na mmoja.

MAJIRANI

Huwezi kuwasha mishumaa minne barazani siku zote hizo bila mtu kuuliza. Jirani yangu aliwahi kuniuliza wazi wazi, nyie mnauabudu moto? Nikamwambia hapana, tunahesabu siku, akacheka akasema kumbe kama sie tunavohesabu Ramadhani inakuja. Jibu hilo linatosha, usianze mahubiri mlangoni kwa mtu.

Lakini kwa ajili ya nafsi yako mwenyewe inafaa ujue kwamba majirani hawa nao wana aya ya taa, tena nzito. Ni Sura ya An-Nur, aya ya 35, Mwenyezi Mungu ni Nuru ya mbingu na ardhi, na mfano wa nuru yake unatolewa kwa shubaka ndani yake mna taa, taa imo kwenye kioo, kioo kinang'aa kama nyota, na inawashwa kwa mafuta ya mzeituni usio wa mashariki wala wa magharibi, mafuta ambayo yanakaribia kung'aa hata moto haujayagusa. Niliposomewa hapo pa mwisho nilinyamaza, maana ndo kile kile ninachokisema kuhusu mshumaa ambao haujawashwa. Imamu Ghazali aliiandikia aya hii kitabu kizima. Na mashubaka yenyewe tunayo, nyumba za zamani za Mji Mkongwe zina vidaka ukutani vya chokaa, kama nyumba yenu inacho na kipo mbali na mapazia basi sinia ihamie humo, kuta tatu zinakukingia kaskazi bure.

Wapi pa kuishia kuazima? Kwangu mimi ni hivi: namna ya kukaa na kutazama naazima kwa yeyote, sala naisali ya kwangu. Sisomi baraka za Hanuka kwa sababu mimi si Myahudi, siiweki dhikri ya watu kwenye sinia yangu ya Majilio, na jirani simwambii aje awashe mshumaa wa pili ili ionekane tunapendana. Akija akakaa, akae, akitaka kuondoka wakati wa kuomba ukifika aondoke. Kupendana kwetu kunaonekana kwenye sahani za futari na za Krismasi zinazopita ukutani, na sahani hizo hazirudi tupu. Wageni wanaokuja na mpango wa kuzipanga dini zote kwenye meza moja na ubani na kengele, sijawahi kuona mwenyeji wa hapa anaevutiwa, Muislamu wala Mkristo.

BAADA YA KRISMASI

Watu wengine kwenye shada wanaweka na mshumaa mweupe wa tano katikati, wa Kristo, unawashwa Krismasi yenyewe. Kama hujauweka hujakosea.

Kwa wenye jamaa Marekani wanaokuja likizo, wanaweza kukuuliza kuhusu Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi ilioanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, inaanza tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari, mishumaa saba, mmoja mweusi katikati, mitatu myekundu na mitatu ya kijani, kila siku mmoja na neno lake: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Sio ya dini na sio Majilio, ila kuna kitu wanafanya ambacho familia nyingi za hapa zingefaidika nacho, mshumaa wa siku ukishawashwa kila mtu mezani anasema kitu kuhusu neno la siku, hadi mtoto mdogo. Nimewaona wazee wakikaa kimya muda mrefu kwa swali moja tu la nia.

Vipande vya mishumaa vilobaki usivitupe. Tia ndani ya kopo la maziwa, kopo liweke ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, kamwe usiweke nta moja kwa moja kwenye moto maana inashika ikiwaka huizimi kwa maji. Ikishayeyuka mimina kwenye kifuu cha nazi chenye utambi wa uzi wa pamba ulosimamishwa kwa kijiti. Weka jikoni. Umeme ukizimika, na utazimika, huo ruhusa kutafutia viatu.